Mama ana presha, sukari, magoti na anatumia ARV: aache dawa ipi?

Ameniandikia binti mmoja anafanya kazi Dar, mama yake yuko Mwakidila huku Tanga, ana miaka 61, asubuhi anauza vitumbua na chai. Mama ana presha mwaka wa tisa huu, ana sukari, magoti yanamuuma, na ARV anatumia toka zamani. Kliniki anaenda tatu, sehemu tofauti na siku tofauti. Tumbo linamsumbua, anaharisha hovyo, miguu inavimba jioni, na sasa ameanza kuruka dozi, akiulizwa anajibu "hizi dawa ndo zitaniua". Binti anauliza, hela haitoshi dawa zote, je aache ipi abaki na ipi, na je wajichange na kaka zake wamlete Muhimbili kwa mabingwa?

Marahaba mwanangu. Mfikishie mama shikamoo yangu, na kabla sijaenda mbali naomba umwambie kwamba anachokisema sio ujinga wala ukaidi. Mama anauza vitumbua, anaamka saa kumi usiku kukoroga unga, halafu kila mwezi apoteze siku tatu za biashara kukaa kwenye mabenchi, kila benchi kuna mtu mpya anamuuliza upya "unaumwa nini mama", mi nashangaa kwamba amevumilia miaka yote hiyo. Wengi wanaacha mapema zaidi.

Nikujibu kwanza lile la haraka. Dawa ya kuacha leo leo ni moja tu, ile diklofenaki ya magoti anayonunua dukani. Hizo nyingine zote asiache hata moja kwa kuamua mwenyewe, hasa ARV na za presha, ila wiki hii hii aende kituo cha afya kilicho karibu nae, akiwa na dawa ZOTE mkononi, na nikisema zote namaanisha na zile alizoficha. Muhimbili hapana, kwa sasa hapana, sababu ntakuambia.

Sasa ile picha uliyonitumia, dawa zimepangwa kwenye sinia. Nimeikuza nimeangalia moja moja. Kuna amlodipini, kuna nifedipini, losartani, zote tatu za presha, frusemidi ya kukojoza, metformini ya sukari miligramu 1000 asubuhi na 1000 jioni, glibenklamidi nayo ya sukari, na hiyo diklofenaki. Saba. Ya nane ambayo ni ARV haipo kwenye sinia, ukasema mwenyewe kwamba mama huwa anaiweka kwenye kopo la kahawa chumbani hataki majirani waione na kule kliniki ya sukari hajawahi kuwaambia. Mwanangu, hilo kopo ndo kiini cha habari yote.

Sikiliza kwa nini. Watu wengi wanaotumia ARV nchini siku hizi wako kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani, mojawapo inaitwa dolutegraviri. Ni dawa nzuri sana, ila inazuia metformini isitoke mwilini vizuri, kiasi kwamba metformini kwenye damu inapanda karibu 80%. Ndo maana mtu aliye kwenye dolutegraviri inashauriwa metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku nzima. Mama anakunywa 2000. Yaani mwilini mwake inafanya kazi kama vile anameza zaidi ya 3500 hivi, ambayo hakuna daktari angeiandika. Na metformini ikizidi kitu cha kwanza ni tumbo, kuharisha, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Kwa hiyo kuharisha kwa mama ambako amepewa dawa za minyoo mara mbili inawezekana kabisa kunatoka hapa, na aliyemwandikia metformini hakukosea kwa alichokijua, na wa CTC, yaani kliniki anakochukua ARV, naye hakukosea kwa alichokijua, hakuna hata mmoja aliyeona sinia na kopo kwa pamoja.

Najua kwa nini anaficha. Mtaani kwetu maneno yanatembea, na kwenye foleni ya kliniki ya sukari huwezi kujua nani kakaa nyuma yako. Mueleze kwamba sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inambana mtoa huduma kutunza siri ya mgonjwa, sio hisani, na kwamba hana haja ya kusema kwa sauti mbele za watu, aombe kuongea na daktari mlango umefungwa, amuoneshe kadi ya CTC basi, wala hana haja ya kutamka. Akishindwa kabisa, basi afanye kinyume chake, dawa zote saba azipeleke CTC wanakomjua na anakowaamini, wao wazipitie. Hiyo mara nyingi ni rahisi zaidi.

Turudi kwenye sinia. Amlodipini na nifedipini ni ndugu wa tumbo moja, zote zinalegeza mishipa kwa njia ile ile, kuzinywa pamoja kwa kawaida hakuna faida ya maana ila madhara yanajumlika. Na madhara yake makubwa ni kuvimba miguu! Nahisi ilienda hivi: mama alikuwa na moja, akahamia kituo kingine wakampa nyingine ile ya kwanza hakuitaja, miguu ikavimba, akaenda duka la dawa akapewa frusemidi ya "kutoa maji". Sasa mvimbo wa amlodipini sio maji yaliyozidi mwilini, frusemidi haiwezi kuutoa vizuri, inachofanya ni kumkimbiza chooni usiku na kumpunguzia potasiamu. Dawa imezaa ugonjwa, ugonjwa ukaletewa dawa nyingine. Kwa wagonjwa wenye maradhi mengi hii naiona sana kuliko watu wanavyodhani na hela ya kitumbua inaishia humo. Lakini tena narudia, asipunguze kabla presha haijapimwa na mtu kukaa nae. Na kama anaishiwa pumzi akipanda ngazi au akilala chali, hilo ni jambo lingine la moyo, aseme.

Diklofenaki nimesema aache leo, sababu ni hii. Dawa za kundi hilo zinapandisha presha zenyewe, kwa hiyo unaweza ukaongeza dawa za presha mpaka basi na isishuke. Halafu figo. Figo ya mama ina sukari, ina presha, inapitisha tenofoviri ambayo kwa kawaida ni moja ya zile tatu kwenye kidonge cha ARV, inapitisha losartani na frusemidi, na juu yake diklofenaki. Losartani, ya kukojoza, na diklofenaki kwa pamoja ni mchanganyiko unaojulikana kwa kuangusha figo ghafla, hasa mtu akiwa anaharisha amepungukiwa maji, na mama anaharisha. Unaona inavyofungana? Kwa magoti atumie panadoli kwa dozi iliyoandikwa, kama duka wana ile dawa ya kupaka ni bora mara nyingi kuliko kidonge, na afanye zoezi la kukaa kwenye kiti anyooshe mguu mmoja ahesabu mpaka kumi aushushe, kila siku, misuli ya paja ikikaza goti linapumua. Na ile kuchuchumaa kwenye jiko la mkaa kuanzia saa kumi usiku, hebu mtafutieni stuli na meza ya kuinulia jiko, nadhani fundi wa mtaani anaitengeneza kwa hela ndogo kuliko dawa za mwezi.

Glibenklamidi nayo. Hii inashusha sukari iwe umekula iwe hujala. Mtu wa miaka 61 ambaye siku mauzo mabaya analala na chai kavu, akinywa hii anaweza kushuka sukari usiku, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Huku kwetu watu wataanza kusema kapandisha mashetani, waite mwalimu asome. Kusoma asomewe, sina neno, lakini kwanza pimeni sukari, na kama kipimo hakipo mpeni maji yenye vijiko vitatu vya sukari au soda ya kawaida kama anaweza kumeza, halafu ale kitu, halafu mkimbilie kituo. Na Ramadhani ikikaribia aende mwezi mmoja kabla akaseme "nataka kufunga", asiende baada ya kuzidiwa kumi la kwanza. Kuna dawa za kubadilisha na saa za kuhamisha, na kuna hali ambazo daktari atamwambia asifunge, na Qurani yenyewe imemruhusu mgonjwa.

Sasa kwa nini nimekataa Muhimbili. Mabingwa wa Muhimbili ni wazuri, sina tatizo nao, lakini bingwa wa moyo ataangalia moyo, wa figo figo, wa sukari sukari, kila mmoja atatoa karatasi yake, na mama atarudi Mwakidila na dawa kumi na moja na tarehe nne za kurudi. Ugonjwa wa mama sasa hivi umekuwa ni kutawanyika. Anachohitaji ni mtu mmoja, hata kama ni tabibu wa kituo cha afya sio daktari bingwa, anayemjua kwa jina, anayeona dawa zote, mwenye faili moja, na ambaye akiona kitu kimemzidi ndo anaandika rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa hapo Tanga, kwa swali maalum. Mkiwa na hela ya nauli ya kuja Dar watu wawili na malazi, itieni kwenye vipimo vya damu na dawa za miezi mitatu hapo hapo Tanga. Itamsaidia zaidi.

Na hili sio wazo langu la kujifariji kwa umaskini. Kulikuwa na daktari mmoja Uingereza, Julian Tudor Hart, alifanya kazi kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Wales, Glyncorrwg, mwaka 1971 akaandika kwenye jarida la Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba huwa inapatikana kidogo zaidi pale ambapo watu wanaihitaji zaidi. Yeye alikaa na kijiji kile kile miaka mingi, akapima presha za watu wazima karibu wote bila kusubiri waumwe, akawa anawafuata. Halafu mwaka 2012 wenzake wa Scotland wakaangalia rekodi za watu karibu milioni 1.75, wakakuta kwenye maeneo maskini kabisa watu wanaanza kuwa na maradhi mawili na zaidi miaka 10 mpaka 15 mapema kuliko wanaoishi maeneo ya wenye nazo. Hiyo ni nchi tajiri, matibabu hayalipiwi. Kwa hiyo mama yako kuwa na vitu vinne kwenye miaka 61 asiambiwe ni kwa sababu anapenda vitumbua vyake. Kazi ngumu toka utotoni, moshi, mawazo, kula kinachopatikana, na kuchelewa kugundulika, ndo vinavyofanya hivi. Hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama 26% wana presha na 9% wana sukari, na wengi wao walikuwa hawajijui.

Kinachoniuma ni kwamba njia tunayo, tumeshaijenga, ila kwa ugonjwa mmoja. Angalia CTC inavyoenda: dawa bure, faili lipo, tarehe ipo, usipokuja unapigiwa simu, ukiwa vizuri unapewa dawa za miezi mitatu hata sita. Kwa presha na sukari, mgonjwa yule yule, kituo kile kile sa nyingine, anaambiwa arudi kila mwezi na dawa anunue, na akipotea hakuna anayemuuliza. Uganda na sisi Tanzania tulijaribu kwenye vituo 32 kuweka kliniki moja ya VVU, sukari na presha, foleni moja, wahudumu wale wale, matokeo yakatoka 2023 kwenye Lancet pia, na ule wasiwasi kwamba wenye VVU wataharibikiwa haukutokea, kirusi kiliendelea kudhibitiwa vile vile kwa zaidi ya 90% yao. Tena kwenye foleni ya pamoja hakuna anayejua nani kafuata nini, kwa mtu kama mama hiyo peke yake ni dawa. Mi naamini kwa moyo wote kila kituo cha afya nchi hii kinatakiwa kifanye hivyo, na nitaendelea kulisema kila ninapopata nafasi.

Ila mama hawezi kusubiri mpaka nchi nzima ibadilike kwa hiyo mpange hivi. Chagueni kituo kimoja, kile anachoweza kufika kwa bajaji moja, na chenye maabara. Hapo mjini vituo vya afya vipo, Ngamiani, Makorora, Pongwe upande wa juu, angalieni ambapo kuna CTC pamoja na siku ya kliniki ya presha na sukari kwenye jengo moja, na kama CTC yake ya sasa ni mbali aombe uhamisho, ni haki yake, ila asiache ya zamani mpaka apokelewe kwa mpya. Siku ya kwanza nenda nae wewe au kaka yako, sio kwa sababu hajiwezi, ni kwa sababu watu wawili wanakumbuka vizuri zaidi kuliko mmoja. Mfuko wote umwagwe mezani. Muombeni daktari aandike karatasi MOJA, dawa, saa, kazi yake kwa Kiswahili, na zile zilizofutwa azikate kwa kalamu mbele yenu. Ulizeni "kama hela ya mwezi huu inatosha mbili tu, zipi zisikosekane?" Hilo swali wagonjwa wanaona aibu kuliuliza na madaktari hawalisikii, wakati jibu lipo kabisa. Kwa watu wengi kama mama cha kwanza ni ARV ambayo ni bure, halafu ya presha kwa sababu ndo inayozuia kiharusi, halafu metformini kwa dozi sahihi, na zote hizo ni katika dawa za bei nafuu zilizopo. Muombe pia daktari, presha ikishatulia, aandike dawa za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo na tarehe ziendane na za CTC. Wengine watakubali ukiomba, wasipokubali uliza tena mara ijayo.

Kuhusu kulipia: mama ana miaka 61, sera yetu inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Aanze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa apate barua, halafu afisa ustawi wa jamii, apewe kitambulisho. Najua utaniambia "dokta, kitambulisho anacho jirani yetu na bado anaambiwa dawa hakuna kanunue nje". Ni kweli inatokea sana na inaumiza. Lakini kumuona daktari, kadi na vipimo vinaokoa hela, hiyo inayobaki ndo iende kwenye dawa. Na kama mtaani kwao kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wa mpango uliozinduliwa 2024, mumtafute, ampitie mama mara kwa mara.

Chakula sitasema mengi. Msimnunulie unga maalum wa wagonjwa wa sukari, ni hela inapotea. Chai bila sukari, ugali nusu ya anaokula sasa, mchicha au kisamvu ujaze nafasi, samaki mbichi badala ya ng'onda manake ng'onda ni chumvi tupu, na chumvi isikae mezani. Vitumbua aonje viwili vya kwanza kujua vimeiva basi.

Miguu lakini naomba sana. Kila usiku akimaliza kuosha miguu ajiangalie nyayo na katikati ya vidole, kama haoni vizuri mjukuu amuangalie, asitembee peku hata ndani, na jiko la mkaa lisikae karibu na miguu kwa sababu mwenye sukari anaungua bila kusikia. Kidonda chochote, hata cha kucha, kituoni siku hiyo hiyo. Kikohozi cha wiki mbili apime TB, sukari na VVU vyote vinaifungulia mlango. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla au maneno yakiyumba, hapo hamna cha kituo cha jirani wala kusubiri asubuhi, bajaji moja kwa moja Bombo na muangalie saa ilianza ngapi maana wataulizia.

Vipimo vya kuomba safari hii ni kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu, protini kwenye mkojo, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kama kipo, na aangaliwe macho ndani mara moja kwa mwaka. Presha lengo la kuanzia ni chini ya 140 kwa 90, tukifika hapo bila kizunguzungu ndo tuongelee kushuka zaidi. Kreatinini ikitoka niandikie namba yenyewe pamoja na uzito wake, usiniandikie "wamesema iko sawa", kwa sababu figo ikiwa imeshuka sana metformini itabidi ipungue zaidi au iondoke kabisa na hapo mpangilio wote niliokupa unabadilika.